Jinsi ya Kumvua Sewin Usiku Kwenye Mto Tywi: Mwongozo Kamili kwa Wanaorudi Mikono Mitupu

Kila ikifika Julai napata ujumbe uleule kwa maneno tofauti. "Kaka, nimekesha mtoni siku tatu. Nawasikia wanaruka, lakini sijaguswa hata mara moja." Wanaoniandikia wako Swansea, Cardiff na Bristol. Wengine walikulia Pangani au Lamu na wamevua kwa mshipi tangu utotoni, kwa hiyo mkono wanao. Nikiwauliza walifika mtoni saa ngapi, walisimama wapi na waliwasha tochi mara ngapi, jibu hujitokeza lenyewe. Samaki walishafukuzwa kabla ndoana haijalowa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Ufuate kwa mpangilio wake, hasa hatua zile ambazo hazina uvuvi ndani yake.

## Umjue unayemfuata

Sewin ndilo jina ambalo watu wa Wales humwita samaki aina ya trauti anayekwenda baharini. Ni aina moja na trauti wa kahawia anayeishi mtoni maisha yake yote, ila huyu hushuka baharini akiwa mdogo, hunenepa huko, kisha hurudi mtoni kutaga. Akirudi anang'aa kama fedha, na hamu ya kula imemtoka karibu yote.

Mchana hujificha kwenye kina, chini ya mizizi na matawi yaliyoinama, na kivuli tu kinamtosha kushtuka. Giza likikolea hutulia, akatoka mafichoni na kusogea kwenye maji mafupi. Ndiyo sababu anafuatwa usiku, na kila ninachokuelekeza hapa chini kinatokana na tabia hiyo.

Nautumia Mto Tywi, unaoanzia milima ya Cambrian, ukapita Llandovery na Llandeilo hadi Carmarthen na baharini. Ukiona mtu ameandika Towy, ni mto huohuo. Mwongozo huu utakufaa pia kwenye mito mingine ya Wales, kama Teifi, Dyfi na Mawddach.

## Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Leseni. Unahitaji leseni ya samoni na trauti wa bahari, yaani sewin. Ile ya trauti wa kawaida haitoshi, na hapa wengi hukosea. Inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kila mwenye miaka 13 na kuendelea lazima awe nayo, ingawa ya watoto hadi miaka 16 ni bure. Ukikamatwa bila leseni, faini inaweza kufika pauni 2,500.

Kibali cha ukingo. Leseni haikupi ruhusa ya kuvua popote. Kila kipande cha mto kina mwenyewe, mara nyingi chama cha wavuvi, nao huuza vibali vya siku au vya wiki. Uliza waziwazi: "Kibali hiki kinaruhusu kuvua usiku?" Si vyote vinavyoruhusu.

Fimbo na mishipi. Fimbo ya futi 10 ya kurushia chambo cha manyoya (chambo bandia), namba 7, yaani uzito wa mshipi inaoubeba. Rili yoyote imara inafaa. Chukua mshipi mmoja unaoelea na mmoja unaozama, pamoja na nailoni ya nguvu ya ratili 10. Usishuke chini ya hapo kwa kudhani samaki ataiona. Usiku haoni unene wa nailoni, na akiwa mkubwa ataikata nyembamba kwa mruko mmoja.

Chambo cha manyoya. Vitano vinatosha. Vitatu viwe vyembamba, vya rangi nyeusi, buluu na fedha, kwenye ndoana namba 6 au 8. Kimoja kiwe kirefu cha kuzamisha, na kimoja cha kuelea kinachokwaruza uso wa maji. Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo hadi kilale kabisa. Sheria ya Wales inataka hivyo, na siku ndoana itakapoingia kwenye kidole chako utaishukuru.

Usalama. Suruali ya mpira inayofika kifuani, mkongojo wa kupimia kina, jaketi la kujiokoa, filimbi, na miwani yenye vioo vyeupe. Miwani si ya kuonea mbali. Ni ya kuzuia ndoana isiingie jichoni gizani, na bila miwani usirushe kabisa.

Vingine. Tochi mbili, moja ya mwanga mwekundu. Wavu wa mpira usio na mafundo. Nguo nzito, maana hata Julai ikifika saa nane usiku ubonde ule una baridi. Chupa ya chai. Dawa ya kufukuza usubi, nao utakuwa umekutangulia. Mkirudi kagueni miguu yenu kama kuna kupe, kwa sababu kupe wa huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.

## Hatua ya 1: Chagua usiku, usichaguliwe na likizo yako

Subiri mvua inyeshe, mto ujae, kisha uanze kupungua. Samaki wapya hupanda wakati huo. Maji yakiwa ya tope, baki nyumbani. Yakifika rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji, jiandae. Yakianza kuwa safi, nenda. Viwango vya maji vinaonekana kwenye tovuti ya Natural Resources Wales, shirika la mazingira la Wales, kituo kwa kituo, kwa hiyo huna haja ya kuendesha gari saa mbili ili ukute mto umefurika.

Usiku mzuri una mawingu, joto kidogo na giza zito. Mbalamwezi kali inayomulika kilindi hadi chini ni mkosi, na ukungu unaofuka juu ya maji pia. Ukiuona ukungu huo punguza matarajio, lakini usifunge virago haraka. Nimewahi kuona ukiondoka saa saba na samaki wakaamka.

Kuhusu majira, wakubwa hutangulia kupanda, kuanzia masika hadi Juni. Wadogo wa kilo nusu hivi huja kwa wingi kuanzia Julai. Anayeanza namshauri aende Julai au mwanzoni mwa Agosti, kwa kuwa wadogo husamehe makosa kuliko wakubwa.

## Hatua ya 2: Nenda mchana bila kuvua

Hatua hii wengi huiruka, kisha huniandikia.

Fika saa nane au tisa mchana na uache fimbo ndani ya gari. Tembea ukingoni polepole, mbali na maji, ukitafuta kilindi chenye umbo hili: juu maji yanaingia kwa kasi kwenye changarawe, katikati pana kina na kivuli, na chini maji yanapanuka na kuwa mafupi, laini kama kitambaa kilichonyooshwa, kabla ya kuporomoka tena. Sehemu hiyo ya chini, mkia wa kilindi, ndipo utakapoanzia usiku. Mchana utaiona tupu na utashawishika kuidharau. Saa tano usiku samaki wamejipanga hapo.

Sasa jibu maswali haya ukiwa unaona. Nitaingilia wapi majini, na nitatokea wapi? Kuna shimo? Kuna tawi nyuma yangu litakalonasa mshipi? Kuna seng'enge njiani? Ng'ombe wako shamba gani, na lango linafungwaje? Hesabu hatua kutoka kwenye lango hadi pale utakaposimama. Mimi huzihesabu kwa sauti, kisha hufumba macho na kuzirudia.

Chagua vilindi viwili tu, vyenye chini ya changarawe na maji yasiyozidi mapaja. Mwenye vilindi sita hutumia usiku mzima akitembea, na kila anapokanyaga anafukuza samaki.

Onyo: Mvua ikinyesha milimani mto unaweza kupanda usiku wakati wewe hujadondokewa na tone. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji. Kijiti kikimezwa, toka. Usijadiliane na mto.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora kilindi chako kwenye karatasi bila kukitazama.

## Hatua ya 3: Pima mshipi jua lingali juu

Usiku huoni chambo kimeangukia wapi. Kwa hiyo kila mrusho lazima uwe na urefu uleule, na urefu huo uujue kwa kidole.

Nenda kwenye uwanja wa nyasi. Rusha hadi upate umbali unaoweza kuurudia bila kujitutumua. Mita 12 hadi 15 zinatosha sana. Pale mshipi unapopita chini ya kidole chako cha shahada, funga uzi mwembamba wa kushonea, zungusha mara nane hivi, kaza, paka gundi tone moja. Kitakuwa kiuvimbe kidogo kama punje ya mtama. Gizani ukikigusa utajua umetoa mshipi wa kutosha, wala hupungukiwi.

Fanya mirusho 20 macho yakiwa yamefumbwa. Ukisikia mshipi ukikupiga kisogoni, umeharakisha kurudisha mbele. Upe nafasi unyooke nyuma kwanza.

Funga mafundo yako yote mchana. Vyambo vya akiba vifungie nailoni kabisa na uvizungushe kwenye kipande cha boksi, ili usiku kazi iwe kubadilisha tu. Kwa mshipi unaoelea tumia nailoni ya futi 9. Kwa unaozama tumia futi 5, ikiwa ndefu chambo kitabaki juu wakati mshipi umeshafika chini.

## Hatua ya 4: Kaa chini usubiri

Rudi mtoni jua likishazama. Mwishoni mwa Juni huko Tywi jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, na giza la kweli huchelewa hadi karibu saa tano. Katikati ya Agosti unaweza kuanza karibu saa nne.

Kaa nyasini, mbali na maji. Utawasikia. Mmoja ataruka na kuanguka kwa kishindo kama mtu ametupa tofali mtoni, na moyo wako utadunda. Popo wataanza kupita. Hapo ndipo watu husimama, huingia majini, hurusha mara mbili, na kilindi kizima kinatawanyika kurudi kwenye kina. Hawatatoka tena kwa saa nzima, pengine mpaka alfajiri.

Kipimo changu ni ukingo wa pili. Nikiona majani yake bado ni ya kijani, nakaa. Yakigeuka kijivu, naendelea kukaa. Ukingo ukiwa ukuta mmoja mweusi na siwezi kutenganisha nyasi na mti, nasimama.

Tochi nyeupe isimulike maji hata kidogo. Ukihitaji mwanga, geukia shambani, tumia mwekundu, na uufiche kwa mwili wako. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na simu ukiifungua sekunde tano tu unaanza upya. Kwa hiyo izime au iweke mfukoni ikiwa kimya, na mwambie mtu nyumbani mapema uko kilindi gani na utarudi saa ngapi.

Ukiwa bado umekaa na kishindo kikatokea mita chache mbele yako, umefaulu. Hawajui kama upo.

## Hatua ya 5: Mirusho ya kwanza

Anza na mshipi unaoelea na chambo cheusi na fedha. Usiingie majini mara moja. Simama hatua mbili nyuma ya ukingo na urushe mfupi kwanza, maana samaki wa usiku wanaweza kuwa kwenye maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Siku moja nusura nimkanyage mmoja, na alipokimbia aliondoka na wenzake wote.

Ukiingia, telezesha mguu, usiunyanyue. Changarawe ikilia chini ya buti, simama uhesabu hadi 60. Ukiona viwimbi vinatoka kwako kuelekea katikati, umekwenda haraka.

Rusha kwa mshazari, kuelekea chini ya mto na ng'ambo, halafu acha mkondo uzungushe mshipi taratibu kama mlango unaojifunga wenyewe. Mkono wa kushoto ukunje mshipi kidogokidogo kiganjani, kwa mwendo wa kusokota, ili chambo kionekane hai. Maji yakienda kasi usivute kabisa, mkondo unakufanyia kazi. Yakiwa yamelala, vuta.

Mrusho ukimalizika subiri sekunde tatu kabla ya kuinua. Wengine hufuata chambo hadi mwisho wa safari yake na kukichukua kikiwa kimetulia. Kisha sogea nusu hatua chini na urushe tena.

Usirushe hewani mara nne kabla ya kuachia. Mara moja au mbili zinatosha, kwani kila mpito wa mshipi juu ya maji ni kama kivuli cha korongo.

## Hatua ya 6: Anapogusa

Kwanza atakudonoa. Ni kitu kifupi na kikali, kama mtoto amevuta ncha ya kanzu yako na kukimbia. Usifanye lolote. Endelea kuvuta kwa mwendo uleule.

Akichukua kweli, mshipi utakazika ghafla kwenye vidole. Inua fimbo kwa uthabiti bila kuinyakua. Mdomo wa sewin ni laini, ukinyakua utampasua. Halafu ataruka. Kila anaporuka shusha ncha ya fimbo ili mshipi ulegee, maana mshipi uliokazwa na uzito wa samaki hewani ndio unaochomoa ndoana. Akikimbia mwache akimbie, rili ibane kiasi tu.

Mvute mbali na mkia wa kilindi, upande wa juu, ili asiwashtue waliobaki. Wavu uwe tayari majini, umetulia. Mlete juu yake, kisha inua. Ukimfukuzia kwa wavu atapata nguvu mpya. Tochi nyekundu iwashwe wakati huu tu.

Utampoteza wa kwanza, na huenda wa pili na wa tatu. Kwa sewin hilo ni la kawaida kabisa.

## Hatua ya 7: Baada ya saa sita

Kuna saa fulani, mara nyingi kati ya saa sita na saa nane, mto hunyamaza. Hakuna kishindo, hakuna mdonoo. Wengi hurudi nyumbani hapo, na ndipo wanapoacha samaki mkubwa.

Toka majini, unywe chai, ukipumzishe kilindi kwa dakika 40. Badilisha mshipi, weka unaozama, na chambo kile kirefu. Sasa ondoka kwenye mkia wa kilindi, nenda juu kidogo, kwenye kina. Samaki wameshuka chini, nawe uwafuate huko. Rusha, acha kizame, vuta polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kikikwaruza changarawe mara mojamoja uko sawa. Kikinasa kila mrusho uko chini mno.

Usiku ukiwa na joto na maji yamelala kimya, jaribu kile chambo kinachoelea. Kivute kikate mstari juu ya maji. Samaki akikirukia, usiinue kwa kusikia sauti. Ngoja uhisi uzito.

Kuanzia kama saa tisa na nusu alfajiri anga ya mashariki huanza kufifia weusi. Wakati huo ni mfupi lakini una neema. Rudi kwenye mkia, kwa mshipi unaoelea, kimya kama mwanzo.

## Hatua ya 8: Kumrudisha mtoni

Samoni yeyote utakayemnasa Wales ni lazima umrudishe. Kwenye mito mingi ya huko sewin anayezidi sentimita 60 naye ni lazima arudi, na vyama vingi vina masharti makali zaidi, kwa hiyo soma ya mto wako kabla hujaingia. Kumuuza samaki uliyemvua kwa fimbo, samoni au sewin, ni kosa kisheria hata ukimuuzia jirani.

Mimi huwarudisha wote. Sewin wamepungua sana katika mito ya Wales, na jike mkubwa anayepanda Juni amebeba maelfu ya mayai. Siwezi kumla nikiwa najua hivyo.

Lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Abaki ndani ya wavu, ndani ya maji, wakati unachomoa ndoana. Kama kijino umekilaza vizuri itatoka kwa kusukumwa nyuma kidogo. Usimning'inize kwa mkia wala usimshike kwenye matamvua. Picha, kama ni lazima, iwe ya sekunde chache huku akichuruzika maji.

Mshike kwa viganja viwili, kichwa kikielekea mkondo, ukimwegemeza bila kumbana. Utahisi matamvua yakifunguka na kufunga, mwanzoni kwa shida, kisha kwa mpigo ulio sawa. Mkia utaanza kusukuma kiganja chako. Usimsukume, ataondoka mwenyewe.

## Ukifika nyumbani

Andika palepale: tarehe, kilindi, kiwango cha maji, chambo, saa aliyogusa. Kila mwenye leseni hii anatakiwa kisheria kutuma taarifa ya alichovua mwaka huo, hata kama hakuvua kitu. Sifuri yako nayo inahesabiwa, kwa sababu kwa taarifa hizo ndiyo wasimamizi wa mito wanapima hali ya kila mto.

Suruali, buti na wavu vioshe na uvianike vikauke kabisa kabla ya kwenda mto mwingine. Vikitoka mto wa nchi nyingine ya Ulaya, ongeza umakini, maana kuna kimelea cha samoni kilichoangamiza mito Norwei ambacho Uingereza hakijaingia, na kinaweza kuingia kupitia buti zilizolowa.